Bata Ameanguka Tena

Ijumaa ile Mazin alimpiga mkewe kwa mfuniko wa sufuria. Hakuutafuta. Ulikuwa karibu tu, na Mazin ni mtu wa kutumia kilicho karibu. Pilau ilikuwa imeshika chini kidogo, harufu ikamfikia sebuleni kabla ya sinia, na yeye ndiyo kwanza ametoka msikitini na njaa yake na hasira za mteja aliyemkera dukani asubuhi. Wafa aliinua mkono ajikinge. Mfuniko ukatua kwenye kifundo cha mkono, kitu ndani kikalia ko, kisha ukatua tena juu ya jicho. Alipoinama, Mazin akamkamata ushungi pamoja na nywele zilizokuwa ndani yake, akamgongesha kichwa kwenye fremu ya mlango wa jikoni, akamwachia. Akaenda kunawa. Akarudi mkekani akala ile ile pilau iliyoungua, akaongeza na nyingine.

Huyu Mazin anauza magodoro Tandika. Duka limejaa magodoro mpaka darini, ya kila unene, na mkewe kila akianguka anaangukia saruji. Nalisema mapema kwa sababu linaniudhi, na nikiliacha likae moyoni litaniharibia simulizi.

Mtoto wao, Khulud, wa miaka mitano, alikuwa hapo hapo mkekani muda wote. Alikuwa anachambua zabibu kwenye pilau yake na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Mfuniko ulipogonga mara ya kwanza aliacha kuchambua. Ulipogonga mara ya pili akaendelea. Hakulia, hakugeuza shingo.

Mama yake Mazin, Bi Thuraya, anakaa ghorofa ya chini, na masikio yake ni mazima kabisa. Akapanda taratibu, akasimama mlangoni, akamkuta mkamwana wake kakaa sakafuni kashika jicho na damu inamchirizika kwenye nyusi. Mwanawe anakula.

"Kuna nini huku juu? Mbona vishindo?"

Wafa akafungua mdomo. Lakini kabla hajatoa neno, Khulud alikwisha jibu.

"Mama ameanguka."

Alisema hivyo tu. Alimtazama bibi yake machoni, uso mkavu, sauti haipandi wala haishuki. Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua zabibu moja, akaitia mdomoni.

"Pole," Bi Thuraya akamwambia Wafa. "Hizi marumaru za siku hizi zinateleza." Akashuka kwenda kumalizia chakula chake.

Mkono ulikuwa umeanza kuvimba na jicho linafumba lenyewe, lakini kilichomwumiza Wafa wakati ule hakikuwa mkono wala jicho. Alikuwa ameusikia ule mnyamazo mdogo kabla ya zabibu. Aliujua. Ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto.

Kazi ya Wafa ni vitabu vya picha vya watoto wadogo, wale ambao hawajui kusoma bado na wanasomewa. Anaandika mwenyewe, anachora mwenyewe, na ufundi wake wote ni mmoja: kukausha. Maneno ya kitabu yanakausha kabisa, na picha ndiyo inayosema kweli. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha paka mwenye genge la samaki. Maandishi yanasema: "Paka hapendi samaki." Kwenye picha, mkia wa samaki unaning'inia mdomoni mwa paka. Ukurasa unaofuata: "Samaki wameisha. Paka hajui wamekwenda wapi." Na paka tumbo limemfika magotini. Basi. Hakuna neno lingine.

Vitabu hivi vina namna yake ya kusomwa, na anayeikosea anaua kitabu. Msomaji hacheki. Haoneshi picha kwa kidole, haelezi, hakonyezi. Anasoma kama mtu anayesoma tangazo la msiba, kisha ananyamaza. Watoto watatazama picha, watatazama uso wako, watatazama picha tena, halafu mmoja wao hatavumilia: "Muongooo! Kala yeye!" Hapo darasa zima linalipuka. Hakuna kitu kinachompa mtoto mdogo raha kama kumkamata mtu mzima anayedanganya mchana kweupe, na wewe unafungua ukurasa unaofuata kana kwamba hukusikia kitu.

Khulud ndiye aliyekuwa anajaribishiwa kila kitabu kwanza. Alikuwa anacheka mpaka anajikojolea. Baadaye akaanza kuwasomea wanasesere wake, akawa anakausha vizuri kuliko mama yake, na Wafa alikuwa anamsifia. Sasa kakaa sakafuni jikoni na mkono umevunjika, anamtazama mwanawe akila zabibu, anatamani sifa zile angezimeza.

Mtaniuliza kwa nini hakuondoka. Aliondoka. Zamani kidogo, kabla ya pilau hii, alikwenda kwa kaka yake Awadh, Magomeni, na nguo za mtoto kwenye mfuko. Alasiri ile ile ukoo ukakaa sebuleni, kahawa ikaja, halua ikaja, Mazin akaja na doti ya khanga na macho mekundu ya kuomba radhi. Wazee wakasema maneno mazuri sana. Awadh akamwambia dada yake, "Vumilia, mna mtoto." Halua ilipokwisha, kesi nayo ilikuwa imekwisha, wakamsindikiza mpaka kwenye gari la mumewe wakimpungia mkono. Njiani Mazin hakumgusa. Alisema tu, kwa upole, akiwa ameshika usukani: "Ukitoka tena, Khulud anakwenda Maskati kwa dada yangu. Utamsikia kwenye simu." Mazin haongopi katika mambo ya namna hiyo. Dada mtu alikuwa tayari ameshatayarisha chumba.

Kwa hiyo Wafa alikuwa anaanguka. Alianguka bafuni, akaanguka kwenye ngazi, akagongwa na mlango wa kabati. Akitaka mtoto wake abaki mikononi mwake, alitakiwa aanguke na anyamaze.

Anayevichapa vitabu vyake ni Mwalimu Auleria, mama wa Kihaya mwenye sauti ya kuamrisha na moyo laini, ana shule ya chekechea huko Goba juu kwenye kilima. Mara moja tu alimwuliza, "Wafa, hilo ni nini shingoni?" Wafa akamjibu kwa uso ule ule wa vitabuni, na Auleria akaona aibu kuuliza tena. Kitabu kipya kilipokuja mezani kwake, akakisoma akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Kinaitwa *Bata Ameanguka Tena*. Bata ana rafiki yake, Beberu. Kila ukurasa Bata ameanguka, na kila picha kwato ya Beberu iko mahali panaposema kila kitu, na Beberu mwenyewe anatazama mawingu. Usiniulize kama Wafa alijua anachora nini. Ukimwuliza angekwambia anachora bata.

Siku ya kukizindua kitabu Goba palifungwa turubai, viti vya plastiki vikapangwa, spika zikapiga muziki wa kuwafanya watoto waruke. Afisa aliyealikwa kuwa mgeni rasmi akapiga simu asubuhi kusema hatoweza. Na nyie mnajua, sie hata choo cha shule hakifunguliwi bila mgeni rasmi. Auleria akahangaika, akashika kichwa, kisha akapata wazo ambalo mpaka leo linamtoa machozi. Akampigia Mazin. Kwa nini asiwe mume wa mwandishi? Apambiwe kiti, avishwe shada, awasomee watoto kitabu cha mkewe. Auleria alidhani mwanaume akiheshimiwa mbele za watu kwa sababu ya mkewe, labda atamtazama mkewe kwa jicho jingine. Watu wetu tunaamini sana kiti kilichotandikwa kitambaa. Tunadhani kinaweza kumnyoosha mtu.

Mazin akafurahi, nisimsingizie. Alivaa kanzu mpya na koti juu yake, akavaa kofia yake nzuri iliyotariziwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Garini akamwambia Wafa, "Hiyo miwani usiivue. Na huo mkono uuweke ndani ya buibui. Mie leo mgeni rasmi, usinitie aibu." Hicho kitabu alichokuwa anakwenda kukisoma hakuwahi kukifungua. Vitabu vyote vya mkewe aliviita "vikatuni vyako".

Watoto walikaa chini mbele, Khulud katikati yao. Wazazi walikuwa nyuma na pembeni. Wafa alipewa kiti cha mstari wa mbele, kushoto. Mazin akapanda jukwaani, akakaa kwenye kiti kilichopambwa, akafungua kitabu, akakohoa. Auleria hakuwa amemweleza kitu chochote kuhusu namna ya kusoma. Katika haraka zile alisahau.

"Bata ana rafiki," Mazin akasoma. "Rafiki yake ni Beberu. Beberu anampenda sana Bata."

Akageuza ukurasa, akawaoneshea watoto picha kama alivyoona walimu wanavyofanya, yeye mwenyewe haitazami.

"Leo Bata ameanguka."

Akanyamaza, maana alikuwa anatafuta pa kushika ukurasa unaofuata. Mnyamazo ule ulikuwa wa urefu sawasawa.

"Muongooo!" watoto wakapiga kelele. "Kasukumwa!"

Mazin akainua kichwa. Akamtazama Auleria, na Auleria alikuwa anatabasamu na kumpa ishara aendelee. Wazazi walikuwa wanacheka. Akaona kumbe mambo ni mazuri, akavuta pumzi, akaendelea kwa sauti nzito ya mtu anayesoma risala.

"Beberu akampa pole. Beberu ana huruma."

"Kamkalia! Kamkalia!"

"Bata anapenda kupanda ngazi. Beberu anamsaidia kushuka."

Hapo watoto walilala chini. Mama mmoja alishika mbavu. Mazin hakucheka, kwa kuwa hakuona cha kuchekesha, na kwa sababu hiyo hakuna mtu aliyewahi kukisoma kitabu cha Wafa vizuri kama alivyokisoma yeye. Wafa mwenyewe alivisoma vitabu vyake mashuleni kwa miaka, Auleria aliwafundisha walimu, hakuna aliyefikia hapo. Nitalisema lilivyokuwa: Wafa aliona fahari. Mkono unamuuma vilevile, jicho limefumba nyuma ya miwani, na kifuani kicheko kinapanda, ikabidi aung'ate mdomo. Huyo huyo aliyemvunja alikuwa anamfanyia kazi yake, na anaifanya kama malaika.

"Jirani akamwuliza Bata: umefanyaje? Bata akasema: nimeanguka."

"Sio kweeeli!"

Alikuwa ameshikilia kitabu kikiwaelekea watoto. Kabinti kalikokaa karibu kabisa na jukwaa, kamesuka nywele za uzi, kakasogea, kakatazama picha, kakamtazama Mazin. Kakasimama kumnyooshea kidole.

"Beberu kavaa kofia kama ya mgeni rasmi!"

Ndipo Mazin alipokigeuza kitabu akatazama.

Beberu alikuwa amevaa kofia iliyotariziwa kwa dhahabu. Nyuma yake kulikuwa na duka, na duka lile limejaa magodoro mpaka darini. Mbele ya magodoro, juu ya saruji, Bata amelala chali na bandeji jichoni. Wafa aliichora picha ile usiku mmoja mezani jikoni na hakujiuliza magodoro yametoka wapi. Sasa aliyaona kutoka pale alipokaa.

"Mgeni rasmi Beberu!" watoto wakaanza kuimba na kupiga makofi. "Mgeni rasmi Beberu!"

Wazazi wakacheka tena, halafu kicheko kikaanza kupungua, kwanza kwa wanawake. Mmoja alimtazama Wafa. Akatazama miwani myeusi chini ya turubai, penye kivuli. Akamgusa mwenzake.

Mazin akakifunga kitabu. Akashuka jukwaani bila haraka, akitabasamu, akafika mbele ya mkewe.

"Inuka twende."

Wafa hakuinuka. Si ushujaa. Alikuwa anamtafuta Khulud kwa macho kati ya watoto, na hakumwona.

Mazin akampiga kwa ukingo wa kitabu mdomoni. Jalada la vitabu hivyo ni gumu, limetengenezwa hivyo ili watoto wasilichane. Jino likavunjika. Miwani ikaruka, na wote waliokuwa pale wakaliona lile jicho, jeusi na limevimba, siku ya nane hiyo. Akampiga tena. Kisha akamkamata mkono, ule ule, akauvuta amwinue nao, na Wafa akatoka kitini mpaka chini, akapiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga nyumbani kwake hata mara moja.

"Kapigwa!" watoto wa mbele wakashangilia. "Kapigwa! Hajaanguka!" Walidhani kitabu bado kinaendelea. Ilikuwa mpaka damu ilipomwagika kwenye kitambaa cheupe cha meza ya vitabu iliyokuwa kando yake ndipo wakanyamaza, mmoja mmoja, na wadogo wakaanza kulia.

Na watu wazima je? Ngoja niwaambie kuhusu watu wazima. Palikuwa na wanaume pale wa kubeba gari. Mmoja aliinama kutafuta funguo zake. Mwingine akaweka simu sikioni, na simu haikuwa imeita. Baba mmoja wa makamo, mwenye tai, alisema, "Braza, braza, si hapa. Mkifika nyumbani." Alisema hivyo kwa adabu kabisa, na Mazin akamjibu "Samahani" na huku anamkanyaga mkewe tumboni. Huyo wa tai simjui jina, na bahati yake.

Auleria ndiye aliyeingia kati. Ni mama mnene, hakimbii, lakini alifika. Akajitupa juu ya Wafa, akamshika Mazin koti. "Mwache! Mwache mtoto wa watu!" Mazin akamtandika ngumi ya taya, akaangukia viti, na viti vikamwangukia yeye.

Hapo sasa watu wakasimama. Mke alikuwa wake, lakini mwalimu alikuwa wao. Yule mama aliyeshika mbavu kwa kicheko ndiye aliyeanza, na kiti cha plastiki, akakishusha kichwani mwa Mazin mpaka mguu wa kiti ukakatika. Wengine wakafuata. Madereva wa bodaboda waliokuwa getini wakaingia, hawajui kisa, wameona tu mwanaume anawapiga wanawake, hawakuhitaji maelezo. Walimburuta Mazin kutoka chini ya turubai mpaka juani, wakampiga mateke, wakampiga helmeti. Kanzu ikachanika mpaka mgongoni. Alianza kwa kutukana, akaendelea kwa kuomba, mwisho alikuwa anatoa sauti isiyo na maneno. "Ua huyo!" mtu akasema. Mwingine akaenda kutafuta jiwe.

Wafa alikuwa amekaa chini, mdomo umejaa damu, anatazama. Alifurahi. Kila teke lilipotua alihesabu lile lake lililolipwa, na alitaka waendelee. Nani atamlaumu? Mie siwezi.

Kisha akamwona Khulud.

Watoto wote walikuwa wamekimbilia darasani au wamekumbatia mama zao. Khulud alikuwa amesimama peke yake pale walipokuwa wamekaa, mikono ubavuni. Alimtazama baba yake akivunjwavunjwa juani na watu wanaotaka kumwua, na uso wake ulikuwa mkavu. Hakuna kitu kilichotikisika, hata ukope. Ulikuwa uso wa mtu anayengoja ukurasa mwingine.

Wafa hakujua kama aliinuka au alitambaa. Alijikuta katikati ya ile miguu, juu ya mumewe, anapiga kelele, "Basi! Basi! Mtoto anaona!" Teke moja likampata yeye ubavuni kabla hawajaacha. Hakuwa anamwokoa Mazin, na mtu asije akanyoosha kisa hiki kiwe cha mapenzi. Alitaka jambo lile lisiendelee mbele ya ule uso.

Polisi walikuja wakawachukua wote. Mazin akapitishwa kwenye chumba kingine, akawa anasikika akidai wakili kwa mdomo uliovimba. Wafa akaketishwa dawati la jinsia na watoto, chumba kidogo chenye feni isiyozunguka, mbele ya askari wa kike aliyeitwa Afande Gladness. Khulud akakaa kwenye benchi, miguu haifiki chini. Auleria alikuwa hospitali, taya linaangaliwa.

Kabla hawajaanza, Bi Thuraya akafika, anahema, mtandio umepinda. Akaomba dakika ya kusema na mkwewe. Afande akamruhusu, lakini hakutoka.

"Mwanangu," Bi Thuraya akanong'ona, akimshika Wafa goti. Machozi yalikuwa ya kweli, tena mengi. "Wamemuumiza vibaya. Sema ulianguka, na watu wakamdhania yeye. Basi, tunakwenda nyumbani, nitakukanda mwenyewe. Ukisema vingine mie sitaweza kuwazuia. Dada yake kashaulizia ndege. Mtoto utamkosa, Wafa. Kwa Mungu utamkosa."

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililokuwa baya. Wafa alilijua, na neno lile, nimeanguka, lilikuwa tayari kwenye ulimi, limeshazoea njia, lingetoka bila hata yeye kulisukuma.

"Mama," Afande Gladness akasema, kalamu mkononi. "Nani kakufanya hivi?"

Wafa akamtazama Khulud. Mtoto naye alikuwa amemkazia macho, uso umetulia, midomo imekaa sawa. Alikuwa tayari. Mama akishindwa, angejibu yeye.

"Afande, naomba kidogo," Wafa akasema. Maneno yalitoka vibaya kwa sababu ya jino. Akainuka, akapiga magoti mbele ya benchi, akaushika mkono wa mwanawe kwa ule wake mzima. Hakuwahi kumwambia mtoto huyu jambo lolote la kweli kuhusu nyumba yao, na hakujua linaanzaje.

"Khulud. Sikiliza. Mama haangukagi." Akameza damu. "Baba ananipiga. Zile siku zote, mie sikuanguka. Alikuwa ananipiga."

Khulud akamtazama kwa muda. Kisha akaukunjua mkono wake, akaupeleka juu ya jicho la mama yake, akaligusa pembeni kwa ncha ya kidole, polepole, kama anavyogusa mtu kitu cha moto.

"Najua, mama," akasema. "Mie nilidhani wewe ndo hujui."

Wafa alilia. Alilia mdomo wazi, kamasi zinatoka, uso umekunjamana wote, pale sakafuni kituoni mbele ya askari na mbele ya mkwe, na Khulud alipouona uso ule naye midomo ikaanza kumcheza, kidevu kikatetemeka, akalipuka kwa kilio kikubwa cha mtoto wa miaka mitano. Wakashikana hivyo. Bi Thuraya akawa anasema "Nyamazeni, nyamazeni, watu wanasikia," hakuna aliyemjali.

Afande Gladness akangoja. Wafa akarudi kwenye kiti na mtoto mapajani, akajifuta kwa ushungi. Alikuwa bado anaiogopa ile ndege ya Maskati. Akaanza kusema, kwa sauti kubwa ili Bi Thuraya asikose hata neno, na hakuanzia kwenye turubai wala kwenye pilau. Akaanzia fungate.